Salamu kwa Watu wa Bondeni

4 Januari

Mpwa wangu mpendwa,

Leo ni tarehe nne Januari, na ninauanza mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke huko na sanduku moja lenye kitasa kibovu. Kitasa hicho sijakitengeneza mpaka leo. Anayetengeneza kitasa cha sanduku ni mtu mwenye safari.

Marahaba kwa shikamoo zako zote. Mimi sijambo. Chumba changu bado kiko juu ya duka la dobi. Mvuke wa pasi unapanda kupitia mbao za sakafu, vitabu vyangu vimejikunja kama majani makavu, lakini magoti yanashukuru. Jirani yangu wa mlango wa pili, mjane mwenye moyo mzuri na habari nyingi, huniletea mkate kila asubuhi na kunieleza mambo ya jengo zima. Tumegawana kazi vizuri: yeye anaongea, mimi nasikiliza.

Nimesoma kwamba umeajiriwa Redio ya Taifa, tena Dawati la Tahadhari. Niliweka barua mezani nikaenda kusimama dirishani mpaka chai ikapoa. Ulizaliwa baada ya mimi kuondoka, hatujawahi kuonana, halafu katika majengo yote ya mji ule umekwenda kuingia lile lile.

Mama yako atakuwa hajakueleza kwa nini niliondoka. Nitakueleza mimi kwa ufupi. Nilikuwa msomaji wa habari. Asubuhi moja ya mvua, mhandisi wa bwawa alipiga simu studio akasema lango limekwama, maji yatavuka ukuta kabla ya adhuhuri. Nikasoma hivyo. Watu wa bondeni wakapanda mlimani, maji yakaja, hakufa mtu. Wiki iliyofuata nikashtakiwa kwa kuzua taharuki. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye akili zake, alisema nilitangaza mafuriko wakati mafuriko hayajatokea. Hakimu akaniuliza kama ni kweli. Nikamjibu, ni kweli, mheshimiwa, yakishatokea huwa hayahitaji mtangazaji. Mahakama nzima ikacheka. Kosa lenyewe nadhani wangenisamehe. Kicheko kile hawakukisamehe.

Niambie: meza ya studio namba moja bado ina ule ufa pembeni? Na mama yako, mguu wake unamsumbua? Huwa ananitaja?

Mjomba wako

*

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi nzuri kuliko ile ya kwanza, kwa hiyo tuwasalimu na wale walioisoma kabla yangu.

Sisi wazima. Mama mguu wake unauma mvua zikikaribia, naye husema ni mguu uliosoma kuliko watu wa hali ya hewa. Bado anakaa nyumba ile ile ya bondeni na kuku wake. Mimi nimepanga chumba huku juu karibu na kazini, nimembembeleza ahamie kwangu, hataki. Kuhusu kukutaja, mjomba, niseme tu kwamba hakutaji. Ila subiri nikueleze jambo.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi, siku ya kujaribu mitambo. Fundi mitambo akaweka kanda. Ikalia king'ora, kisha sauti ya mwanamume ikasema: "Hii ni tahadhari. Wakazi wa bondeni, maji yanakuja. Acheni vitu vyenu, pandeni uwanja wa shule ya mlimani." Sauti ya mtu asiyeharakisha, lakini unajikuta umeshasimama. Nikamuuliza fundi ni nani huyo. Akaangalia mlango, akasema, "Dada, hapa tunaiita Sauti Iliyoidhinishwa. Jina lake halitajwi." Nikamwambia, jina lake nalijua, ni mjomba wangu. Akanipa kiti.

Ndiyo, mjomba. Waliokufukuza wamebaki na sauti yako. Kuna kanuni kwamba tahadhari isomwe kwa sauti iliyoidhinishwa na Kamati peke yake, ili wananchi wasichanganyikiwe. Na Kamati haijawahi kuidhinisha nyingine, kwa sababu wajumbe wake ni watano, akidi ni wote watano, na mmoja wao, tangu enzi za usomaji wako, ni wewe! Kukuondoa lazima mtu aandike pendekezo lenye jina lako, na jina lako ni marufuku kwenye karatasi za kituo. Basi kila mwaka wanakutana, wanakuta hujafika, wanakunywa chai, wanaahirisha. Kwenye muhtasari huandikwa: "Mjumbe mmoja amepata udhuru."

Hayo ni ya kucheka. Sasa la kutisha. Mwisho wa kanda ile sauti yako inaongeza: "Hili lilikuwa jaribio. Endeleeni na shughuli zenu." Hakuna kanda nyingine. Nikaenda kwa Mkurugenzi, ambaye wote tunamwita Bwana Itifaki, maana hata akipiga chafya anaanza na mkubwa aliyepo.

"Mkurugenzi, huu mkia tuukate."

"Tuukate? Mwanangu, sauti ile imeidhinishwa nzima, kichwa mpaka mkia. Ukikata mkia, huyo ni mnyama mwingine."

"Sasa bwawa likipasuka kweli?"

"Likipasuka, watu watakuwa wameshazoea."

Na ule uwanja wa shule, mjomba, siku hizi una ukuta wenye vigae vya chupa juu. Ni nyumba ya wageni ya Mheshimiwa, mkubwa wa serikali yetu.

Mama kila Jumatatu ya kwanza huvuta kiti karibu na redio. Kanda ikifika mwisho huinuka na kusema, "Haya, kasema tuendelee na shughuli zetu." Anarudi kwa kuku. Nikimwambia ahame, ananijibu atatoka siku kaka yake atakapomwambia.

Mpwa wako

*

2 Machi

Mpwa wangu,

Nawasalimu nyote, na wasomaji wetu wa njiani pia. Gundi yao kweli ni nzuri.

Nimecheka peke yangu mpaka mjane akaja kugonga akidhani nimepaliwa. Miaka thelathini na zaidi nimejiita mkimbizi, mhamiaji, mpangaji, bila kujua kwamba muda wote huo nilikuwa mjumbe mwenye udhuru. Ni cheo kizuri kuliko vyote nilivyopata.

Kisha kicheko kikaisha. Kanda ile naikumbuka. Tuliirekodi mwezi mmoja kabla ya yale mafuriko, tulikuwa tumetoka kula, na mkuu wa wakati ule akaniomba niongeze maneno ya jaribio mwishoni kwa kuwa siku hiyo kweli tulikuwa tunajaribu. Ya pili, ya kweli, tungeirekodi wiki ijayo. Unajua wiki ijayo ya ofisi za serikali. Kwa hiyo sasa siku maji yatakapokuja, mimi mwenyewe nitawaambia watu wangu warudi nyumbani. Waliponishtaki kwa kuzua taharuki niliudhika. Hawa wananifanyia jambo baya zaidi, wananitumia kuzua utulivu.

Naomba unijibu wazi: bwawa likoje?

Na juu ya mama yako kusema atatoka nikimwambia, usiamini. Mwanamke yule tangu azaliwe hajanitii hata mara moja. Nilimkataza kupanda tangi la maji la shule, akapanda, na akaletwa fundi bomba kumshusha. Nilimwambia asiolewe na baba yako, Mungu amrehemu, akaolewa naye mwezi huo huo. Nilimwambia twende pamoja huku, nyumba ile ya bondeni haina usalama, akanijibu sasa ndiyo ataezeka bati jipya. Ni watu wa wapi hao wanaosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu? Mama yako hajasikia la mkuu maisha yake yote, na mguu wenyewe unamuuma kwa sababu ya uzee tu.

Hilo bati, bado lipo?

Mjomba wako

*

21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, mama mzima, kuku wameongezeka. Samahani, leo salamu ni fupi.

Mvua haijaacha. Mhandisi wa bwawa amekuja ofisini mwenyewe, viatu vimejaa tope, akamwambia Bwana Itifaki kwamba ukuta una ufa na ufa unakua. Bwana Itifaki akamkaribisha, akamtambulisha kwetu, akamshukuru kwa niaba ya wizara, akasema haraka haraka haina baraka, Kamati itakaa. Mhandisi akauliza itakaa lini. Akajibiwa, "Akidi ikitimia."

Mhandisi alinitazama mimi. Nikamfuata mpaka nje. Amenipa ahadi kwamba siku ukuta utakapozidiwa atanipigia mimi kwanza, na kwamba kutoka simu yake mpaka maji kufika bondeni watu watapata muda wa kupanda mlima, wakiamini tu.

Sasa naomba, mjomba. Fundi mitambo amefikiri vizuri. Kanuni inataka sauti yako, haisemi ni ya siku gani. Rekodi upya maneno yale yale bila mkia, hata kwenye simu ya jirani, tutasafisha. Dakika moja ya kazi yako. Na ukimaliza useme na mama maneno mawili, kwa jina lake, maana jana nilikwenda kumchukua kwa nguvu akanifungia mlango. Kupitia dirishani akaniambia, "Redio haijasema."

Nilijaribu kukupigia kwenye namba ya mjane. Alipokea yeye. Nikamwomba akuite, akasema, "Hawezi kuongea." Nikauliza, ametoka? Akasema, "Hapana, yupo hapa mbele yangu, anakupungia mkono." Nikakata simu. Mjomba, kuna jambo nimekukosea?

Tafadhali rekodi. Dakika moja tu.

Mpwa wako

*

5 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa mama yako, na kwa kuku kwa kuwa nao wanahusika. Barua yako imechelewa njiani, na mimi nimechelewa siku mbili zaidi kwa kutafuta namna ya kuijibu. Hujanikosea lolote. Sauti sitatuma. Usiniulize tena, nitakueleza siku nyingine.

Badala yake nakutumia kadi, iko ndani ya bahasha hii. Nijibu kwa haraka kama kile kipindi cha Salamu za Mchana bado kipo. Naamini kipo, serikali zinaweza kubadilika, lakini hakuna iliyothubutu kugusa salamu. Nilipokuwa hapo, kila kitu kilichosomwa redioni kilipitiwa na watu watatu, hata bei ya vitunguu. Kadi za salamu hazikupitiwa na mtu, kwa sababu ni nani atamkataza raia kumsalimia shemeji yake? Kinyozi alimsalimu mpinzani wake. Mfungwa alimsalimu hakimu. Tena baada ya chakula cha mchana kila redio ilikuwa wazi, maana kila mtu alingoja kusikia kama ametajwa. Watu hawasikilizi tahadhari, mpwa wangu. Wanajisikiliza wenyewe.

Mpe mtangazaji wa salamu ashike. Siku mhandisi atakapokupigia, isomwe. Maji yakija usiku, gongeni madebe; mimi ninaombea yaje mchana. Nimeandika hivi:

"Mimi, Mjumbe Mwenye Udhuru, nikiwa mbali sana, nawasalimu kinyozi wa njia panda na wateja wake, fundi cherehani wa karibu na kisima, wauza mkaa wote wa kando ya mto, mwalimu mstaafu na mkewe, mama mwenye mapacha, mlevi anayelala chini ya daraja, na yeyote mwenye mtoto mgongoni. Ujumbe wangu kwao: bwawa limeshindwa, maji yanakuja sasa, na hili si jaribio. Acheni vitu. Pandeni uwanja wa shule ya mlimani. Uwanja uko pale pale, ukuta ndio mgeni. Wa mwisho namsalimu mdogo wangu mwenye kuku. Yeye namwomba akae nyumbani. Kilima kile hakiwezi, miguu ni ile ile, na tangu utotoni alikuwa wa mwisho kufika."

Niliowataja wengine watakuwa wamekufa. Ndiyo maana nimewaita kwa kazi zao. Kinyozi akifa, mwingine hukaa nyuma ya kiti kile kile. Kama siku hizi kuna mapacha wengine au hakuna mlevi, rekebisha.

Lakini sentensi ya mwisho usiiguse. Najua utaisoma mara mbili, utasema mjomba amezeeka akili. Usiongeze neno, usipunguze neno. Mama yako namjua mimi.

Mjomba wako

*

12 Mei

Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo. Tuko hai wote. Naanza na hilo kwa sababu redio za huko zinaweza kuwa zimekwambia vingine. Sasa nina muda mwingi wa kuandika, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Kadi ilifika; wasomaji wetu wa njiani waliipitisha, nadhani nao wana ndugu bondeni. Nikampa mtangazaji wa salamu, mama mtu mzima tunayemwita Bi Salamu. Aliisoma kimya, akavua miwani, akasema, "Huyu bwana nilimpelekea chai nikiwa mwanafunzi wa kazi. Alikuwa anasema ahsante mpaka kwa kikombe." Akaitia kwenye mkoba wake.

Mhandisi alipiga simu watu wakiwa wametoka kula. Alisema neno moja tu: "Sasa." Nikakimbia kwa Bwana Itifaki. Nikamkuta amesimama, anavaa koti. Akasema tahadhari ni jambo zito, haliwezi kutoka bila utangulizi, atamsalimu Mheshimiwa, kisha wasaidizi wake kwa ngazi, kisha viongozi wa dini, kisha kanda itapigwa. Nikasema, kanda yenye mkia? Akasema, "Kanda iliyoidhinishwa." Nikamwacha anafunga kifungo.

Mjomba, nikukirie. Nilipofika kwa Bi Salamu nilikuwa na kalamu mkononi. Nilitaka kuifuta ile sentensi ya mama niandike "naye atoke." Nani anamwambia mama wa mtu akae kwenye maji? Bi Salamu akanishika mkono akasema, "Aliandika yeye au wewe?" Taa nyekundu ikawaka. Akasoma neno kwa neno, kwa ile sauti yake ya kila siku ya kusalimia mashemeji.

Yaliyotokea bondeni nimesimuliwa. Kinyozi alikuwa na mteja nusu kichwa. Akasikia "kinyozi wa njia panda," akaongeza sauti, akifurahi kwamba katajwa. Akasikia ujumbe, akazima redio, akatoka na mkasi mkononi, na mteja nyuma yake na shuka shingoni. Fundi cherehani akawaita wenzake, "Tumetajwa! Twendeni!" Mwalimu mstaafu alitaka kwanza kujua huyo Mjumbe ni nani, mkewe akamwambia, "Utamuuliza ukiwa juu." Mtu ambaye hakutajwa alikwenda kwa hasira ya kutotajwa. Hakuna aliyebaki.

Mama alikuwa anawamwagia kuku mahindi. Jirani yake anasema alitulia kusikiliza mpaka mwisho, kisha akalitupa bakuli.

"Nani hawezi kilima?"

Jirani akamwambia, dada, tukimbie, tutabishana baadaye.

"Hapana, sema wewe. Ni nani alikuwa wa mwisho kufika? Mimi? Yeye ndiye aliyekuwa anakaa chini kila hatua akisingizia kiatu! Kaka anaongea uongo, tena kwenye redio ya taifa!"

Akaichukua redio, akaiweka kichwani, akapanda. Mguu wenyewe ni ule, lakini wanasema kinyozi hakumpita. Alikuwa wa kwanza langoni kwa Mheshimiwa. Mlinzi akamuuliza kama ana mwaliko. Mama akamjibu, "Nimeambiwa nisije, ndiyo maana nimekuja," akampita. Watu wakaingia nyuma yake, na mbuzi, na mlevi wa darajani, ambaye bado yupo, mjomba, ingawa ni mwingine. Mama akakaa kwenye kiti cha bustani chenye mto wa maua.

Walipokuwa pale juu wanaangalia maji yakiingia kwa kinyozi, redio ya mama ikamaliza salamu za viongozi na kanda yako ikaanza. King'ora, tahadhari, na mwisho: "Hili lilikuwa jaribio. Endeleeni na shughuli zenu." Uwanja mzima ukaitikia, "Tumesikiaaa!" Wanasema kicheko kile kilisikika mpaka kituoni.

Nyumba imebaki kuta mbili. Bati limekwenda. Kuku watatu wamekutwa juu ya tangi la shule, usiniulize walifikaje. Mama anakaa kwangu sasa, analalamika kitanda.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa alishukuriwa kwa kufungua milango ya nyumba yake kwa wananchi. Kituo kilipewa cheti kwa kufuata utaratibu. Bi Salamu ameonywa. Kadi zote za salamu sasa zitapitiwa na watu watatu. Mimi nimeandikiwa kwamba nilisalimu bila kibali, nikae nyumbani mpaka Kamati itakapojadili suala langu. Na Kamati, kama unavyojua, haina akidi.

Basi jana Bwana Itifaki alikuja chumbani kwangu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akamsalimu mama kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa aliyepo. Wamekubaliana kukurudisha. Jina lako litaandikwa. Watakutumia tiketi, kutakuwa na sherehe, utarekodi sauti mpya mbele ya wageni, kisha utaketi kwenye Kamati na mambo yangu yatakwisha. Ametoa barua ya mwaliko, ina muhuri, nimeiweka humu.

Alipoondoka nikamuuliza mama nikuandikie nini. Hajawahi kuniagiza neno kwako, unajua. Alivuta kiti karibu nami. Akasema:

"Mwandikie asirudi. Safari ni ndefu, miguu yake haiwezi, na tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kufika."

Akajifuta macho kwa upande wa kanga, akasema moshi, wakati jiko lilikuwa halijawashwa. Nimeandika kama alivyosema. Sikuongeza neno, sikupunguza neno.

Mpwa wako

*

16 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa Bi Salamu, kwa kinyozi na yule mteja wake, natumaini nusu ya pili imeshanyolewa. Mkono unaniambia niishie kwenye salamu, kwa hiyo lazima niulazimishe.

Ulipiga simu nikakupungia mkono. Hivyo ndivyo ninavyoongea siku hizi. Kuna uvimbe ulinishika kooni, na daktari wa huku, mtu mpole, alinieleza kwamba ataweza kuniokoa mimi au sauti. Nilimwandikia kwenye kikaratasi anipe muda. Mjane akakisoma, akakichana, akamwambia aniokoe mimi. Nilitaka kukuambia tangu barua ya kwanza. Lakini ukanieleza jinsi sauti ile inavyomsimamisha mtu kitini, nikaona bora mtu mmoja katika ukoo wetu aendelee kudhani ninayo.

Kwa hiyo waambie wenye mwaliko kwamba wanaalika kitu ambacho tayari wanacho. Kiko kwenye kanda, kabatini kwa fundi mitambo. Kilichobaki huku hakifai kwa sherehe.

Ila kuna msaada ninaoweza kuutoa. Kwa kuwa sasa jina langu linaruhusiwa kuandikwa, nimeliandika. Ndani ya bahasha utakuta barua ya kujiuzulu ya mjumbe mmoja aliyepata udhuru. Wabaki wanne, wateue wa tano, waketi, chai yao ipate maana. Kwenye barua hiyo nimependekeza jambo moja: waidhinishe sauti yako. Sijaisikia, lakini nimeisoma. Ukirekodi, usiharakishe, na usiwape cha kuongeza mwishoni hata wakikwambia ni cha leo tu. Na kanda ya zamani waiache kwa ajili ya Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mama yako atataka mtu wa kumbishia.

Mwambie ujumbe wake nimeusoma, na kwamba mtego ule niliutega mimi kabla yake. Najua maana yake. Siku mbili sanduku lilikuwa juu ya kitanda, na nilimwita mtu wa vitasa. Alikuja, akakitazama, akasema kitatengenezeka. Nikampa chai, akaenda.

Miguu yangu kweli haiwezi, hilo alisema sawa bila kukusudia. Na nyumba niliyokuwa nikiirudia kichwani kila mwaka imebaki kuta mbili, na dada niliyemwacha humo amepanda mlima bila mimi. Nikija, nitakuja kukaa kwenye kiti cha Mheshimiwa na kupiga makofi kwa mikono ya mtu asiyeweza kusema la. Hapa kuna mvuke, kuna mkate, kuna mtu anayeongea kwa niaba yangu bila kibali.

Katika maisha yetu yote mama yako hajanitii, wala mimi sijamtii yeye. Tumezeeka, na mmoja wetu lazima aanze. Amesema nisirudi. Sitarudi.

Mjomba wako